"Sista, Sina Nguvu": Kuzungumza na Daktari wa Akili Kuhusu Dawa za Kuchangamsha

Mimi ni nesi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni hapa Tena na sehemu za Umoja zilizo jirani. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo akina mama huniambia kwa sauti ya chini, pale mlangoni, nikiwa nimeshaaga: "Sista, sina nguvu."

Hapa siongei juu ya uchovu wa siku moja. Kila mama wa Eastlands anajua uchovu wa kuamka saa kumi alfajiri kuteka maji kabla mfereji haujakauka, kisha kutayarisha watoto, kisha kukimbilia kibarua. Uchovu huo ukilala, kesho umepungua. Ninaongea juu ya uchovu ambao unalala nao na kuamka nao, na unapoamka ni kama mtu amekukalia kifuani.

Nitakueleza habari ya mama mmoja. Ameniruhusu niisimulie, ila jina lake nitalihifadhi.

Soksi moja mkononi

Mama huyu alikuwa akikaanga mandazi na kuyauza kando ya stendi ya matatu. Saa kumi na moja alfajiri mafuta yalikuwa tayari yamechemka. Baada ya kujifungua mtoto wa pili alirudi kazini vizuri tu, lakini mtoto alipofika miezi mitano mambo yakaanza kubadilika. Kwanza aliacha kukaanga Jumatatu. Kisha Jumanne. Mwisho jiko lilikaa siku nyingi bila kuwashwa.

Siku niliyomtembelea, saa nne asubuhi, nilimkuta ameketi kitandani na soksi moja ya mtoto mkononi. Mkubwa hakuwa ameenda shule. Uji ulikuwa umeungua ndani ya sufuria. Nilipomuuliza kama ana huzuni, alinijibu, "Hapana sista. Silii. Sina huzuni. Sina nguvu tu."

Nikakosea. Nilimwambia apumzike, ale vizuri, na amwombe dada yake amsaidie na mtoto. Nikaenda zangu. Kwa kuwa hakulia, sikufikiria kwamba ni ugonjwa.

Wiki mbili baadaye alinitafuta mwenyewe. Jirani yake ana mtoto wa darasa la tatu ambaye hawezi kutulia wala kuweka makini, na daktari alikuwa amemwandikia kidonge cha kumeza kila asubuhi. Jirani alimwonea huruma mwenzake, akampa kidonge kimoja cha mtoto. Mama akakimeza. Baada ya saa moja hivi alifua nguo za wiki mbili, akapangusa madirisha, akakanda unga. Alasiri moyo ulianza kumwenda mbio, na jioni akaanguka chini zaidi ya pale alipokuwa. Usiku hakupata usingizi. Kesho yake aliomba kingine. Kwa juma moja alikuwa amemeza vinne, na mtoto wa jirani akakosa dawa yake siku hizo. Mwalimu akaita mzazi shuleni.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na swali. "Sista, kumbe dawa yangu ipo. Kwa nini hospitali hawanipi hiyo?"

Mpenzi msikilizaji, lile ni swali zuri. Si swali la mtu mlevi wala mvivu. Lakini mahali pake ni mbele ya daktari wa akili. Leo nataka ujue namna ya kuliuliza, na kwa nini jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, au si sasa.

Unyogovu usio na machozi

Ugonjwa wa unyogovu, ambao wengine huuita sonona, hauji na machozi kila mara. Kuna dalili kuu mbili ambazo mhudumu wa afya huzitafuta kwanza. Ya kwanza ni huzuni au moyo kuwa mzito. Ya pili ni kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda: hutaki kanisani wala msikitini, hutaki chama, hata mtoto akicheka hucheki naye. Moja kati ya hizi ikikaa siku nyingi kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama kuishiwa nguvu, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi, kushindwa kula, kusahausahau, kujilaumu au kufikiria kifo, basi tafuta msaada.

Mama wa mandazi hakuwa na machozi. Alikuwa na hiyo dalili ya pili, na mwili uliokuwa mzito kama gunia la viazi. Watu wa nyumba ya pili walisema ni uvivu. Mume alisema amerogwa. Mimi nesi nilisema apumzike. Sote tulikosea, na ugonjwa ukapata nafasi ya kukua.

Kwanza tafuta kinachokula nguvu

Kabla ya dawa yoyote ya kuchangamsha, daktari mzuri atataka kujua nguvu zinapotelea wapi. Usikasirike akikuuliza mambo ya mwili wakati wewe ulikuja kwa ajili ya akili. Uchovu una milango mingi.

Upungufu wa damu ndio tunaouona sana kwa akina mama. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kipimo cha damu kikiwa chini ya 12 damu imepungua. Kwa mjamzito ni chini ya 11. Kuna tezi ya shingoni inayoitwa thairoidi, ambayo ikifanya kazi polepole mwili wote hupoa, na baada ya kujifungua tezi hii huweza kusumbua. Kuna kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, na mimba ambayo bado hujaitambua.

Kuna pia dawa zenyewe. Wapo akina mama wanaomeza Piriton kila usiku ili walale, bila mafua yoyote, na kesho wanashangaa kwa nini macho hayafunguki. Baadhi ya dawa za presha nazo huleta uchovu.

Kisha kuna mambo ya nyumbani. Mama anayepigwa, mama asiyekula ili watoto wale, mama anayeamshwa na mtoto mara sita usiku: huyu hawezi kuponywa na kidonge peke yake. Daktari akikuuliza, mwambie. Hakuulizi ili akuchimbe.

Dawa za kuchangamsha ni zipi?

Ni dawa zinazoamsha ubongo. Zinaongeza nguvu ya kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, zinazohusika na hamu, makini na kuwa macho. Inayojulikana zaidi hapa kwetu ni methilfenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Nyingine ni za jamii ya amfetamini. Kazi yake kuu hospitalini ni kuwasaidia watoto na watu wazima wasioweza kuweka makini wala kutulia, na wale wenye ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana.

Kidonge cha kawaida cha methilfenideti huanza kufanya kazi kwa muda wa saa moja hivi, na nguvu yake hudumu saa 3 au 4. Ndiyo maana mama wa mandazi alipaa asubuhi akaanguka jioni. Dawa ilikuwa imekwisha mwilini, na ugonjwa ulikuwa palepale ulipoachwa.

Usifikiri hili ni wazo geni. Katika miaka ya 1930 na 1940, huko Marekani na Uingereza, madaktari waliwaandikia watu wenye unyogovu dawa za amfetamini. Methilfenideti yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka wa 1944. Watu walifurahi kwanza, kisha wengi wakashindwa kuziacha. Miaka ya 1950 zikaja dawa za unyogovu wenyewe, kama imipramini, na zile za kuchangamsha zikawekwa nyuma. Mwaka wa 1971 mataifa yalikubaliana kuzidhibiti, na Kenya ina sheria ya mwaka wa 1994 inayodhibiti dawa za kulevya na dawa zinazoathiri akili. Kwa hiyo kemisti akikuuzia bila karatasi ya daktari, anavunja sheria na anakuweka hatarini.

Je, leo hakuna daktari anayeitumia kwa unyogovu? Wapo, lakini kwa uangalifu. Wakati mwingine daktari wa akili huiongeza juu ya dawa ya unyogovu, pale mgonjwa amepata nafuu kidogo lakini uchovu umekataa kuondoka. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba wazee wenye unyogovu waliopewa methilfenideti pamoja na dawa ya unyogovu walipata nafuu kuliko waliopewa moja peke yake. Lakini majaribio mengine makubwa, ya dawa ya jamii ya amfetamini, hayakuonyesha faida hiyo. Tena wale wa 2015 walikuwa wazee waliokuwa wakifuatiliwa kwa karibu. Hawakuwa akina mama wanaonyonyesha waliogawiwa vidonge na jirani.

Kwa nini daktari haanzi nazo

Sababu ya kwanza ni moyo na presha. Dawa hizi hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mama mwenye presha ya kupanda, hasa aliyepata kifafa cha mimba, lazima aseme.

Sababu ya pili ni usingizi na chakula. Hupunguza hamu ya kula na hufukuza usingizi. Mama aliyekonda tayari atakonda zaidi.

Sababu ya tatu ni ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, unaoitwa baipola. Mtu wa namna hii kuna majuma huwa chini kabisa, na kuna majuma huwa juu: halali na hachoki, anaongea upesi, anatumia pesa ovyo, anajiona anaweza yote. Akija hospitalini wakati yuko chini anafanana kabisa na mtu mwenye unyogovu wa kawaida. Dawa ya kuchangamsha inaweza kumrusha juu mpaka akapoteza fahamu za mambo. Hata dawa za unyogovu zikitumiwa peke yake zinaweza kumfanya hivyo.

Sababu ya nne ni mazoea. Mwili huzoea, kisha hudai zaidi. Ikiwa uliwahi kusumbuliwa na pombe au dawa za kulevya, daktari atafikiria mara mbili, na ana haki.

Sababu ya tano ni kuchanganya dawa. Kwa mfano, linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, haipatani na dawa za kuchangamsha wala na nyingi za dawa za unyogovu.

Na hapa lazima niseme juu ya binamu za dawa hizi tulizo nazo mtaani. Miraa na muguka zina kemikali inayoitwa katinoni, ambayo ni ya ukoo mmoja na amfetamini. Vinywaji vya kuongeza nguvu vimejaa kafeini na sukari. Wako akina mama wanaotafuna muguka ili wamalize kazi ya usiku. Wanapata saa chache za nguvu, kisha kukosa usingizi na moyo kuwa mzito zaidi ya mwanzo. Sikuhukumu. Ila ukienda kwa daktari useme, kwa sababu hilo linabadilisha kile atakachokuandikia. Ukitaka msaada wa kuacha, piga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.

Kujiandaa kabla ya kwenda

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Mama Lucy Kibaki kama unaishi pande zetu hizi. Useme wazi kwamba unataka kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ikihitajika utaandikiwa barua ya kwenda mbele zaidi, mathalan hospitali ya Mathari kule barabara ya Thika. Najua jina hilo linawatisha wengi. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi watu waliijua kama mahali pa kufungiwa. Leo wagonjwa wengi huenda kliniki asubuhi, wakaonana na daktari, wakarudi nyumbani kupika chakula cha jioni. Kumbuka kitambulisho chako, na uwe umejisajili na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Chukua daftari la mtoto na uandike mambo haya, kwa sababu ukifika mbele ya daktari utasahau:

1. Uchovu ulianza lini, na ni saa ngapi za siku unakuzidi.
2. Unalala saa ngapi, na unaamka mara ngapi.
3. Ni kazi gani ulikuwa ukifanya ambayo sasa huwezi. Usiseme tu "nimechoka". Sema "nilikuwa nakaanga mandazi siku 6, sasa sikaangi hata moja."
4. Dawa zote unazomeza, pamoja na za kupanga uzazi, za mitishamba, Piriton, miraa, muguka, pombe na kahawa.
5. Kama unanyonyesha, una mimba, au unatarajia kupata.
6. Kama wewe au mtu wa ukoo wenu aliwahi kuwa na zile siku za kuwa juu bila kulala, ugonjwa wa moyo, au kujaribu kujiua.
7. Dawa ya mtu mwingine uliyowahi kujaribu, na ilikufanyia nini.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Mama wa mandazi alitaka kulificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia, "Ukificha vile vidonge vinne, daktari atakutibu mtu mwingine, si wewe."

Namna ya kuuliza

Tunaogopa madaktari. Tunaingia, tunajibu "ndiyo daktari", tunatoka na karatasi tusiyoielewa. Lakini daktari wa akili hana mashine ya kuona ndani ya moyo wako. Anategemea ulimi wako.

Usianze kwa kusema, "Nataka Ritalin." Ukianza hivyo anaweza kudhani umekuja kutafuta dawa tu. Anza na shida yako, kisha uliza. Unaweza kusema hivi: "Daktari, kinachonisumbua zaidi ni kukosa nguvu. Nimesikia kuna dawa za kuchangamsha ambazo huongezwa wakati mwingine. Je, zinaweza kunifaa mimi? Kama hazinifai, ni kwa nini?"

Kisha uliza haya:

"Hii dawa uliyoniandikia itaanza kufanya kazi baada ya muda gani?"

"Inaleta nguvu au inaleta usingizi? Niimeze asubuhi au usiku?"

"Nisipopata nafuu, tutafanya nini baadaye, na ni baada ya wiki ngapi?"

"Itamfikia mtoto kwenye maziwa?"

"Ni dalili gani zikitokea nirudi haraka?"

Dawa za unyogovu hazifanani. Amitriptilini huleta usingizi na kwa kawaida humezwa usiku. Fluoksetini huwachangamsha wengi kidogo, kwa hiyo humezwa asubuhi. Mama anayelalamika kwamba dawa imemfanya mzito pengine hahitaji dawa ya kuchangamsha hata kidogo. Pengine anahitaji saa ya kumeza ibadilishwe, au dawa yenyewe. Lakini daktari atajuaje, kama hukusema?

Na daktari akisema hapana, mwombe akueleze. Hapana yenye sababu unaweza kurudi nayo nyumbani na kuifikiria.

Alivyojibiwa mama wa mandazi

Tulikwenda pamoja. Alisoma kwenye daftari lake, mkono ukimtetemeka, mpaka akafika kwenye vile vidonge vinne. Daktari hakumgombeza. Alimshukuru. Alimpima presha, akamuuliza juu ya siku za kuwa juu, akamtuma maabara. Damu ilikuwa 9.

Kisha akamwambia hivi, nami nakueleza kwa maneno yangu. Kidonge cha mtoto wa jirani kilimpa nguvu, ndiyo, lakini kingeweza kumpa nguvu hata mtu asiye na ugonjwa wowote. Kwa hiyo hakikuthibitisha kwamba ndiyo dawa yake. Ananyonyesha, damu yake iko chini, hajawahi kutibiwa unyogovu hata siku moja. Wataanza na sertralini asubuhi, kwa sababu kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Baada ya wiki 8, kama moyo umepata nafuu na uchovu umebaki, wataongea tena juu ya dawa ya kuchangamsha. Jibu lilikuwa: si sasa.

Alitoka amenuna. Alitaka nguvu ya siku ile ile, ya kufua nguo za wiki mbili. Ninamwelewa. Dawa za unyogovu huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na wakati mwingine wiki 6 au zaidi. Kwa mama mwenye njaa ya kesho, wiki sita ni mwaka.

Juma la kwanza alihisi kichefuchefu. Juma la tatu aliniambia hakuna kitu. Juma la tano, dada yake ndiye aliyeona kwanza: mama alikuwa amemsuka binti yake nywele bila kuambiwa. Wiki ya nane alirudi kwa daktari na daftari lake. Alikuwa nafuu, lakini mchana bado ulimlemea. Wakaongea tena. Safari hii daktari aliongeza kipimo cha sertralini, na damu ilikuwa imepanda. Dawa ya kuchangamsha haikuhitajika. Kwa mama mwingine ingeweza kuhitajika, na hilo lisingekuwa aibu.

Sasa anakaanga mandazi siku 4 kwa juma. Hajafika siku 6. Anajua pia kwamba asiache dawa kwa kuwa amejisikia vizuri, maana kwa kawaida huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya kupona, na huachwa polepole kwa mkono wa daktari.

Hatua ndogo unapongoja dawa

Mwili uliopoa hauamki kwa kuambiwa "jikaze". Huamka kwa hatua ndogo zinazorudiwa. Hili si neno la kujifariji. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha mafunzo ya vikao 5, na yakajaribiwa hapa hapa Nairobi, sehemu za Dagoretti, kwa akina mama waliopitia dhiki na ukatili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2017: akina mama waliopata vikao hivyo walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wale wengine. Sehemu moja ya mafunzo hayo ni kuanza kufanya jambo dogo, na kuendelea kulifanya hata bila hamu.

Kwa hiyo chagua jambo moja. Leo, toka nje ukae kwenye jua dakika 10 na mtoto. Kesho, osha vikombe peke yake, uache sufuria. Keshokutwa, tembea mpaka kwa mama mboga na kurudi. Usingoje hamu ije kwanza. Hamu huja nyuma ya mguu.

Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, meza na maji ya chungwa au ndimu. Usimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Wewe jirani, wewe mlezi

Yule jirani hakuwa mbaya. Alitoa alichokuwa nacho. Lakini dawa ya mtoto huhesabiwa, na kila kidonge kilichotoka ni siku moja darasani iliyopotea. Ilibidi aende kliniki kueleza, na mama wa mandazi akamsindikiza. Kama unataka kumsaidia mwenzako, usimpe kidonge chako. Mshikie mtoto saa tatu aende hospitali. Mpikie sukuma. Mpe nauli. Msindikize.

Na akikuambia "sina nguvu", usiseme "hata mimi". Uliza, "Tangu lini?"

Dalili za kutongoja

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya: mawazo ya kujiua au kumdhuru mtoto, kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, kukosa usingizi siku kadhaa huku nguvu zimezidi, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio usipotulia, au kushindwa kabisa kula na kunywa.

Wapo walioogopa kusema juu ya kujiua kwa kuhofia polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungu cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Sema bila hofu. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, nambari 1199, uongee na mtu.

Mambo ya kukumbuka

- Unyogovu unaweza kuja kama uchovu, bila machozi.
- Damu, thairoidi na dawa unazomeza zichunguzwe kwanza.
- Dawa za kuchangamsha zipo, lakini kwa unyogovu si za kuanzia. Daktari wa akili ndiye anayeamua, pamoja nawe.
- Usimeze dawa ya mtoto wala ya jirani. Kama umeshameza, sema.
- Nenda na daftari. Uliza sababu. Uliza hatua inayofuata.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika mtaa wetu, mama asiyekuwa na nguvu huitwaje? Majina hayo yanamsaidia au yanamzuia kutafuta matibabu?
2. Ni kitu gani kinachotufanya tuogope kumuuliza daktari maswali?
3. Chama chetu kinaweza kufanya nini ili mama mmoja apate nafasi ya kwenda kliniki bila kupoteza mapato ya siku?

Mama, ikiwa umesikiliza haya yote ukiwa umeketi kitandani na soksi mkononi, nimekuongelesha wewe. Si mvivu. Hujarogwa. Andika mstari mmoja tu kwenye daftari leo, ule wa kwanza: ulianza lini. Mengine tutayaandika pamoja. Mpaka mazungumzo yajayo, kwaheri ya kuonana.